Mguu wa Mbwa wa Susu

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na sina kazi, nikakaa kwa susu, nyanya yangu mzaa mama, karibu na Zombe. Macho yake yalibakiwa na mwanga tu. Mbwa wake mwekundu ndiye aliyemwongoza kwa kamba ya katani hadi kanisani, na hadi mtoni tulikochimba maji mchangani.

Siku moja mbwa, akimfukuza paa, alitumbukia shimoni. Kifundo cha mguu wa mbele kililegea, kila akikanyaga kikalala chini. Mjomba alikuja kutoka Tawa, akamtazama mbwa, kisha mamake. "Nitakuja na pikapu tukishavuna mbaazi. Huwezi kukaa hapa ukipapasa kuta."

Alipoondoka, susu alisema, "Tawa nitawekwa kwa kiti kama mgeni. Hapa najua njia zangu."

Sikusomea wanyama. Hata hivyo nilikata kipande cha mtungi wa plastiki, nikakipasha moto juu ya makaa mpaka kikalainika, nikakikunja kufuata mguu wa mbwa na kukitandika blanketi ndani. Nilikifungua kila mara kuangalia kama mguu umevimba. Nikikaza, naogopa damu haipiti. Nikilegeza, namwona susu akianguka kwa sababu yangu.

Plastiki iliteleza kwenye mawe, kwa hivyo nikampeleka mbwa sokoni kwa fundi wa viatu vya akala, tutie soli ya tairi.

"Msomi," fundi aliita ili wote wasikie, "huyu mteja anavaa namba ngapi?"

"Mshonee zote nne," mama wa ndizi akadakia, "asije akaonekana maskini!"

Soli ilishika vizuri, ila ilikuwa na kelele. Ta, ta, ta. Jumapili mbwa alipomfikisha susu mlangoni mwa kanisa, sala ilikuwa imeanza, na vichwa vilivyoinama viligeuka. Mimi sikusikia neno la mahubiri. Niliwaza kwamba wanamcheka, na kwamba aibu ingemfungia nyumbani zaidi kuliko upofu. Tulipofika nyumbani nilichukua kitambaa nikaanza kuifunika soli.

"Unafanya nini?"

"Naondoa kelele, susu."

"Acha." Alinyoosha mkono mpaka akaushika wangu. "Ikilia, najua mawe yameanza, nainua mguu. Ikinyamaza, ni mchanga. Kamba haijawahi kuniambia hayo."

Nilikitoa kitambaa. Siku zilizofuata nilimfuata kwa mbali, nikaona kwamba kwenye kiteremko cha mawe cha kwenda mtoni, ambapo zamani alikuwa akitambaa, sasa anashuka amesimama wima.

Mbaazi zilivunwa, mjomba akaja. Hakumkuta susu, alikuwa mtoni. Tulikaa na mjomba kwenye ngazi ya nyumba, pikapu ikiwa imefunguliwa nyuma tayari kupakia kitanda cha susu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumtetea susu.

Ndipo tukaisikia. Ta, ta. Kimya. Ta, ta, ta.

"Nini hiyo?" mjomba akauliza.

Susu alitokea kwenye kona ya ua, mtungi mgongoni, kamba ya mtungi kwenye paji la uso, mbwa mbele yake.

Mjomba aliinuka akampokea mtungi. Kisha alikwenda kuifunga pikapu ikiwa tupu.