Lenzi Kizimbani

Lenzi ni binti wa mama mkubwa. Tulianza pamoja stashahada ya maabara. Yeye akaimaliza, mimi ikanimaliza. Sasa ni mtaalamu wa alama za vidole. Anashinda chumbani, jicho kwenye kioo cha kukuzia, akilinganisha mistari ya vidole vya watu asiowajua. Akija kwetu, mama hutandika kitambaa mezani. Mimi chakula changu nakilia jikoni, kwenye kigoda.

Alipoitwa kutoa ushahidi, nilimsindikiza. Mama alidhani ni upendo. Nilikwenda kumwona akiumbuka.

Mshtakiwa alikuwa fundi wa friji, anadaiwa kuvunja duka la dawa. Alisema hajawahi kukanyaga pale. Kilichomkaba ni alama moja ya kidole, tena nusu, kwenye kioo cha dirisha, na Lenzi alisema ni ya fundi huyo. Mama wa fundi alikaa mbele yangu, kakumbatia mkoba kama atanyang'anywa.

Lenzi alieleza taratibu. Hata karani aliacha kupiga miayo. Kijiba cha roho kikanikaba: mimi nikieleza jambo nyumbani, watu huwasha redio.

Wakili wa utetezi akainuka. "Nani alihakiki kazi yako?"

"Mwenzangu wa ofisini."

"Wakati anahakiki, alikuwa ameshaliona jibu lako?"

Lenzi angesema hapana, nani angejua?

"Alikuwa ameliona. Nilimpa mwenyewe."

"Sasa alihakiki au aliitikia?"

Watu wakacheka, mimi nikawazidi.

"Siwezi kujua," Lenzi alisema. "Mimi bado naona ni alama yake. Lakini imefifia, na asiyejua jibu langu huenda angeona vingine. Uhakiki ule usiuhesabu, mheshimiwa."

Siku ya hukumu, hakimu alisema jicho moja, hata liwe kali vipi, halitoshi kumfunga mtu. Fundi akaachiwa. Nje, mama yake alimpita wakili, akampita hata mwanawe, akaenda kumshika Lenzi mikono yote miwili.

"Mungu akuzidishie, mwanangu."

Azidishiwe nini tena, nikajiuliza.

Njiani Lenzi alisema, "Bosi atanila nyama. Ila tunahitaji mhakiki asiyekubali kitu kirahisi. Wewe hata ukiambiwa mvua inanyesha unabisha. Rudi umalize masomo, ndugu yangu."

Alimaanisha, ndicho kilichoniuma. Nikamjibu nitafikiria. Nilichofikiria ni kwamba kesi imemshinda na bado amepewa mikono, na mimi sijawahi kushindwa ubishi hata mmoja, lakini hakuna aliyewahi kunipa hata kidole.