Mgonga Kutu Chini ya Spika

Kila alasiri mgonga kutu wa bandari ya Mbaraki huingia dukani mwangu mwa kaseti na "Masalkheri" ya kuamsha maiti, maana miaka ya kupiga nyundo matumboni mwa meli imemla masikio. Taarabu haisikii tena; fidla, asema, zimehama mji bila kuaga. Roki ya magitaa ya umeme aliyoiacha alipooa ndiyo pekee inayompenya, na haitaki ya ujana wake. "Niwekee hizi mpya, mwanangu, za vijana wanaolia kama waliobanwa vidole mlangoni." Hukaa kigodani chini ya spika, afumbe macho, na kidole gumba kifuate ngoma juu ya goti bila kukosea.

"Na mkeo akijua, mzee?"

"Atanigombeza. Simsikii."

Jana nilimwekea kanda mpya kabisa, nikafungua sauti mpaka mwisho. Vikombe vya muuza kahawa vikatetemeka nje, na bibi wa ghorofani akanitukana mimi na babu zangu. Mzee alikuwa amefumba macho, sikio kalielekeza juu. Kidole gumba kimelala gotini.

"Haya, mwanangu," akasema, "mbona huwashi?"