Alama Mbaya ya Verediana

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa maabara alinikabidhi mirija ya damu pamoja na onyo: hapa hatusomi watu, tunasoma damu. Nilikuwa msichana mgeni mjini, niliyekulia Karagwe, nikaitikia kwa adabu. Sikukubaliana naye, na sikubaliani naye hata leo.

Miaka ile homa ya ini aina ya C ilitibiwa kwa sindano kali, nazo zilikuwa haba. Kirusi chake hukaa kimya mwilini huku ini likijaa makovu mpaka linakakamaa. Kwa wengine makovu huenda mbio, kwa wengine hujikokota, na sehemu ya tofauti hiyo hurithiwa. Ndipo tukaanza kupima alama za vinasaba, yaani vitu vidogo katika urithi wa mtu vinavyodokeza kama sindano zitamfaa.

Zinadokeza tu. Lakini mkurugenzi wa kliniki yetu aliamua kwamba mwenye alama mbaya asipewe sindano kabisa. Mmoja wa walioondolewa alikuwa Verediana, mkulima wa Masaka, ambaye ini lake lilikuwa likiharibika upesi. Mimi ndiye niliyempima. Nikaenda kumwomba mkurugenzi amrudishe.

"Dawa ni chache, dada. Nimpe atakayepona," alisema bila ukali.

"Kipimo changu hakijasema huyu hatapona, Daktari. Usiniwekee maneno mdomoni."

Nikagoma kupima damu kwa ajili ya kuwachuja watu. Wakanihamishia zahanati ya Gatsata, kupima malaria. Verediana alinifuata huko. Nilidhani amekuja kulia.

"Mimi iko na mahindi shambani," aliniambia. "Siwezi kukaa kungoja kufa. Nionyeshe njia ingine."

Nikampeleka kwa daktari wa hospitali nyingine, mama mmoja asiyecheka ovyo, naye akakubali kumtibu. Sindano zilimtesa, kisha zikashindwa. Mkurugenzi alikuwa amekisia sawa. Ila daktari yule hakumwacha: alimfuatilia, akamwachisha urwagwa, ile pombe ya ndizi, na vidonge vipya visivyojali alama ile vilipofika, akamwita miongoni mwa wa kwanza. Kirusi kikatoweka. Makovu yamebaki, naye huenda kupimwa ini, kisha anarudi kulima.

Nimestaafu, naishi Kabeza. Vijana wa maabara wakinitembelea huniambia kwa heshima kwamba nilikuwa mkaidi, maana kipimo hakikukosea. Nawajibu kwamba kukisia sawa si ruhusa ya kumtupa mtu. Nirudisheni kazini kesho, nitagoma asubuhi hiyohiyo.