Sista Malia Akanesi na Nguo ya Magome Koridoni

Alizaliwa mwaka 1951 katika kisiwa cha Vava'u, Tonga. Mama yake aliponda magome ya mti kuwa nguo, na kila binti yake alipewa ya kwake. Bibi yake alipougua, Malia Akanesi alikaa ubavuni pake hata akasahau kula. Padre akamuuliza anataka nini maishani. "Kukaa na wagonjwa, Baba. Basi." Mwaka 1972 aliweka nadhiri za utawa, akasomea uuguzi, akatumwa hospitali.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka wa homa ya dengue. Vitanda vilijaa, mikeka ikatandikwa koridoni, wanaume kwa wanawake, waliojifungua kwa wenye homa. Wauguzi wengine waliugua wenyewe. Sista akaunganisha zamu na zamu, mpaka akawa anawaita wagonjwa kwa majina ya marehemu.

Adhuhuri moja alimlaza kijana Semisi, aliyewaka homa, kwenye mkeka uliobaki, kando ya Ilaisaane, aliyejifungua asubuhi ile na sasa amejifunika shuka gubigubi. Kisha akamwinamia mama huyo, akainua ncha ya shuka.

"Mwanangu, damu inatoka sana?"

"Hapana, Sista. Mimi mzima."

Lakini midomo ilikuwa myeupe, na mapigo ya mkono yalikwenda mbio. Akauliza tena. Jibu lile lile: mzima. Daktari akapaza sauti: "Sista, mwenyewe kasema mzima! Njoo huku, watu wanakufa!" Akasimama katikati, hajui aamini maneno au midomo ile. "Bwana," akasema, "sielewi."

Ndipo Semisi akaanza kutambaa kuelekea uani, kwenye mvua.

"We Semisi! Unakwenda wapi na homa hiyo?"

"Nje, Sista. Nitalala nje tu."

"Mwache," akacheka bibi mmoja mgonjwa, "anakimbia sindano huyo!"

Kijana hakucheka. Alijifunika uso. "Sista, hiyo sauti ni ya dada yangu."

Kwetu Tonga kaka na dada wakishakua hawalali chumba kimoja, wala habari za mwili wa mmoja hazitajwi mwingine akisikia. Kila mtoto anajua. Sista naye alijua, ila uchovu ulikuwa umelifuta hilo kichwani. Ilaisaane, aliyemwona kaka yake akilazwa pale, alikuwa radhi afe kuliko kusema kweli.

Sista aliukokota mkeka wa mama huyo, naye juu yake, hadi stoo ya mashuka, akafunga mlango. "Sasa sema."

"Natoka damu, Sista. Mkeka wote umelowa."

Daktari aliitwa, akaja mbio. Ilaisaane akapona, akamnyonyesha mtoto wake.

Watu walisema malaika alimnong'oneza Sista. Yeye alikasirika. "Malaika gani? Niliyewalaza pamoja ni mimi! Nilichanganyikiwa, basi, na sikuondoka." Kesho yake alileta ile nguo ya magome ya mama yake, akaitundika kati ya mikeka iwe pazia la wanaume na wanawake.

Alifariki mwaka 2011. Wanawake wengi wanaojifungua pale husimulia kwamba wakiigusa nguo ile hofu huwatoka, na sisi hatujui hata leo muujiza ulikuwa upi: wa nguo, wa Semisi kutambaa, au wa mtu aliyekuwa amechoka na bado akauliza mara ya pili. Hospitali ingali inafurika, wauguzi wangali wachache, na tunaomba waongezwe. Nasi tumwige Sista Malia: mtu akituambia ni mzima na midomo yake ni myeupe, tusiondoke. Tumtafutie kwanza mahali pa kusemea.