Ngitili ya Baba na Shahada Yangu

Chuo kilitangaza shahada ya uzamili ya uhifadhi wa maliasili kwa watu walio kazini: unasoma jioni kwa simu, na ukibanwa unaahirisha muhula. Mimi, ofisa misitu wa Ushetu mwenye pikipiki moja na vijiji visivyoisha, nikaona nimetengenezewa mimi. Mume wangu aliniita msomi wa jikoni, kwa kuwa mtandao ulikamata vizuri karibu na jiko tu.

Utafiti wangu ulikuwa ngitili ya baba. Kwetu, mvua zikianza, mfugaji hufunga kipande cha malisho, na ng'ombe hatii mguu humo mpaka kiangazi kikali. Nilitakiwa kukata nyasi zile na kuzipima kabla baba hajaifungulia mifugo ngitili. Bila vipimo, hakuna shahada. Nilimweleza baba, akaitikia kwa kichwa. Kisha nikampa habari kwamba mwalimu wangu angekuja mwenyewe kuiona ngitili. Hapo ndipo nilipoharibu.

Tulipofika na mwalimu, ngitili ilikuwa imejaa ng'ombe. Walikuwamo tangu wiki iliyotangulia, wananawiri, na baba amesimama katikati yao kavaa koti lake la harusini.

"Shikamoo, baba," nilisema. "Nyasi ziko wapi?"

"Marahaba. Si wamekula hawa?" Akampigapiga fahali mgongoni. "Mgeni atoke chuo kikuu, mimi nimwonyeshe majani?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa na hasira ya kulia. Nikaahirisha mwaka mzima, na kila Jumapili baba alinifariji kwa simu: si nilisema chuo chenyewe kinasubiri?

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kibaya. Majirani walifungua ngitili zao mapema, na sikuwa na uso wa kumwomba baba asifungue ya kwake. Nilienda na mizani yangu huku nimeshajiandaa kuahirisha tena.

Nikawakuta ng'ombe zizini, mbavu nje, wanatafuna mabua ya mahindi. Kule kwenye ngitili nyasi zilikuwa kiunoni. Baba alikuwa ameketi mpakani kwenye kigoda chake, fimbo mapajani, akiilinda dhidi ya ng'ombe wake mwenyewe.

Nilimwamkia. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

"Pima upesi, mwanangu," alisema. "Wenzako wana njaa."