Sado Ikijaa

Mwalimu wetu wa kompyuta pale chuoni Iringa alikuwa mama mfupi, ushungi umenyooka, sauti haipandi hata darasa likichafuka. Niliwahi kumwona akigeuza mstari mrefu wa sifuri na moja kuwa namba ya kawaida kichwani tu, huku akitafuta miwani yake. Nilimwogopa, na nilitamani kuwa yeye.

Mimi nilikuwa nimefeli mifumo ya namba. Ulibaki mtihani wa marudio. Nikianguka tena, nafungasha, narudi Mbeya. Baba alishasema wazi kuwa shamba la viazi bado lipo.

Jumamosi moja mwalimu akaniita, akaandika ubaoni 11 na 1, akanipa chaki nijumlishe kwa namba za kompyuta. Nikaandika 12.

"Mbili imetoka wapi, binti yangu? Humu tuna sifuri na moja tu."

"Nimejumlisha, mwalimu."

Hakukasirika. Aliitazama ile mbili, kisha akaniuliza viazi kwetu tunapimaje.

"Kwa sado, kwa debe, halafu gunia."

"Sado ikijaa?"

"Tunarundika juu, mwalimu. Bila rundo mteja hatoki. Gunia nalo tunalishonea kilemba, lumbesa."

Alicheka mpaka akakaa. "Kumbe! Wewe una mkono mkarimu. Kompyuta haina. Nafasi ikijaa ukaongeza tena, unaimwaga yote, inabaki sifuri, na moja inahamia nafasi ya kushoto. Hata kwenye mfumo wa kumi, namba za kawaida, unafanya hivyo kila siku. Baada ya tisa unaandika nini?"

Nikatazama 10 kama sijawahi kuiona. Moja imehama, sifuri imebaki. Miaka yote nilikuwa nimeikariri tu!

Tukaenda kwenye mfumo wa kumi na sita. Huko nafasi ni pana, tarakimu zinaishia tisa, basi wameazima herufi: A ni kumi, na kuendelea hadi F, kumi na tano. Ikizidi hapo, unamwaga. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Mtu mwingine angeniambia sina akili. Yeye alitafuta kosa langu lilikozaliwa.

Siku ya mtihani, swali la mwisho lilikuwa 1111 ongeza moja. Nafasi zote zimejaa. Vidole vikaniwasha kurundika. Nikamwaga ya kwanza, ikasukuma ya pili, ya pili ikasukuma ya tatu, mpaka moja ikatoka kusimama mbele peke yake: 10000. Nilijua ni sahihi kabla mtu hajaniambia.

Matokeo yalipotoka nikampigia baba simu. "Nimefaulu, baba. Nabaki chuo."



"Haya, mama. Nilikuwa nimeshakununulia jembe," akasema. "Kesho nalirudisha dukani."