Ritani ya Mwisho ya Wilmer Truitt

Mmenisumbua tangu Pasaka niandike habari za Oleta Truitt, kana kwamba nyinyi hamna mikono. Haya, kalamu nimeishika. Msinisahihishe.

Hapa Delmar mpaka wa majimbo ya Maryland na Delaware unapita katikati ya barabara. Oleta na mumewe Wilmer waliishi upande wa Maryland. Wilmer alivuka kila siku kwenda kiwanda cha kuku, upande wa Delaware, hadi Novemba moyo wake uliposimama.

Machi, Oleta akaenda ukumbi wa zimamoto, ambako Corinne, binti wa mchungaji, huwajazia watu ritani za kodi bure. Oleta alivaa kofia ya kanisani, mkoba kaukumbatia kifuani.

"Ya serikali kuu nimewaweka pamoja, mama," Corinne akasema. "Imebaki ya Delaware. Mzee alipata mshahara kule ingawa hakuwa mkazi. Hapo unachagua: pamoja, au kila mtu kivyake."

"Kivyake? Kwani nimeachika lini?"

"Hujaachika. Ila wewe kule huna hata senti. Ukitia sahihi pamoja naye, wakija kudai lolote watakushika wewe, na mwenzio hayupo wa kujibu."

"Waje! Nimevumilia mikoromo ya yule mwanamume tangu ujana wangu, leo niogope karatasi?"

Waliokuwa wakisubiri wakacheka. Oleta hakucheka. Hata kaburini hakumwacha peke yake mpaka udongo ulipokwisha kufukiwa, amwache hapa? Akafunga mkoba, akaondoka.

Nyumbani akapitia mlango wa nyuma. Buti za Wilmer zilikuwa kibarazani, pale pale alipozivulia mara ya mwisho. Kila jioni alivua buti na nguo za kazi huko nje, hata theluji ikianguka, akaingia na soksi, meno yakigongana. Oleta akimgombeza, alimjibu, "Uchafu wa ng'ambo ubaki nje, Leta. Umeolewa na mimi, si na kuku."

Oleta akaketi kwenye ngazi kando ya zile buti, mpaka miguu ikafa ganzi.

Kesho yake akarudi ukumbini. "Andika kivyake," akasema. "Ndivyo alivyotaka siku zote, ya ng'ambo yasiingie kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa sisikii."

Corinne akamwonyesha pa kutia sahihi kwa niaba ya marehemu. Oleta akatia mwenyewe, akakataa kushikwa mkono.

Ngazi ile sasa imeoza, na Oleta hataki kumwomba mtu. Wewe uliyenisumbua kuliko wenzako, kisa umekipata. Jumamosi njoo na nyundo, uitengeneze. Buti usizisogeze.